Kwaya Haibebi Viazi

Gari lolote likisimama karibu na nyumba yetu pale Mlandege, Iringa, lazima jirani yetu Fundi aligonge. Hakuuliza la nani. Alitoka kwake na kandambili zake za tairi, akalizunguka mara moja kama daktari wa mifugo, akakunja kidole cha kati, akagonga ubavuni: ko, ko, ko. Halafu akainamisha kichwa kusikiliza. Dereva mgeni alishusha kioo na kufoka, "We mzee, vipi?" Naye akajibu taratibu, "Hapo nyuma ya mlango ribiti tatu zimelegea. Nenda tu, ila ujue."

Siku moja aligonga gari la mchungaji na mchungaji akiwa ndani amefumba macho, anajiandaa na mahubiri. Mchungaji aliruka mpaka miwani ikaanguka. "Bodi yako inakohoa, Baba Mchungaji," Fundi akamwambia, akaondoka zake.

Aligonga na vitu vingine. Ndoo za dukani, sufuria za bibi yangu, madawati ya kanisani, na mara moja kichwa changu, siku niliyomwambia nimepata kumi na nne ya hisabati. "Humu nafasi ipo," alisema. "Tatizo hakuna abiria."

Sasa hayupo. Siku tuliyomsindikiza makaburini, watu wakiwa wanapanda lori, mimi nilibaki chini kidogo. Nikakunja kidole, nikagonga ubavu. Bibi alinitupia lile jicho lake la kuuliza hata leo? Lakini nilishasikia nilichotaka. Bodi ilikuwa nzima, haikohoi. Fundi angekubali kupanda.

Alikuwa fundi bodi. Watoto wa siku hizi, nikiwemo mimi, tunadhani basi linazaliwa basi. Yeye alinieleza kwamba zamani ilikuja chesisi tupu: injini, magurudumu, uti wa mgongo, na dereva kakaa juu ya boksi la mbao, vumbi lote la njiani usoni. Inaingia karakana ikiwa mifupa, inatoka ikiwa na madirisha, viti na rangi. "Sisi ndio tulikuwa tunayavisha nguo," alisema, na akisema hivyo alijishika kola ya koti kana kwamba nalo alilishona mwenyewe. Koti lenyewe mfukoni lilijaa ribiti, zile pini za kubania mabati. Watoto wadogo wakimwomba pipi aliwapa ribiti moja moja, na cha ajabu waliridhika.

Mimi aliniita Kondakta. Si kwa sababu ya mwili wangu, maana kondakta gani mwembamba hivi. Kwa sababu ya mdomo. Nikiwa shule nilishaandikwa kwenye daftari la kelele mpaka kiranja akachoka, akawa anaacha nafasi ya jina langu tayari. Nyumbani Bibi alinivumilia kwa sababu ndiye aliyenilea. Fundi hakunivumilia, alinijibu. Ukimtania anakutania, ukikosea anakusahihisha, na ukitaka kulia anakutuma chumvi dukani ili ukalilie njiani. Nilipenda sana utaratibu huo.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na banda la kuku la ghorofa. Sisemi kwa kutia chumvi. Lilikuwa na chini na juu, ngazi ya kupandia, na madirisha ya vioo ya kusukuma, yenye kona za mviringo, kama ya basi. Kuku wa Mlandege nzima walikuwa wanaishi kienyeji, wa Fundi walikuwa wanaishi kama wapangaji. Shida ilikuwa moja: kuku wa juu walikuwa hawana adabu, na kuku wa chini ndio walioletewa matokeo. Kila asubuhi kuku wa chini walitoka wameloa, wamekasirika. Nilimwambia, "Fundi, hawa wa chini wana malalamiko." Akatazama banda muda mrefu. "Kila ghorofa ina shida zake," akasema, akaingia ndani. Nilijua nimegusa kitu, ila sikujua ni nini.

Kitu kingine ambacho sikukielewa ni mambo ya paa. Kwetu watu wanaweka vitu juu ya paa, si jambo la ajabu. Unaanika maboga, unaweka jiwe bati lisiruke. Fundi hakutaka kuona kitu juu ya paa la mtu. Bibi alipanga maboga yake sita, tena mazuri, na Fundi akaja na ngazi akayateremsha moja moja, akayapanga ukutani.

"Fundi, maboga yangu yamekukosea nini?" Bibi alimuuliza.

"Yakae chini. Mzigo unakaa chini."

"Hii ni nyumba, haiendi Mbeya!"

"Hata hivyo," alisema.

Na huyuhuyu ndiye mtu mwaminifu kuliko wote niliowahi kuwafahamu, kiasi cha kuchosha. Akiazima misumari kumi anarudisha kumi, na kama mmoja umepinda anaunyoosha kwanza. Aliwahi kutembea mpaka sokoni kurudisha kitunguu kimoja ambacho mama muuzaji alikizidisha. Mama yule alidhani amekuja kulalamika, akaanza kumgombeza kabla hajafungua mdomo. Alimsubiri amalize, akamkabidhi kitunguu, akageuka. Bibi alikuwa anasema mtu kama huyo anafaa kutunza sadaka. Akaombwa kweli. Akakataa. "Mimi sifai," alisema, na watu wakaona ni unyenyekevu.

Hadithi yake kubwa kila mtu Mlandege aliijua. Kwamba zamani, yeye na wenzake, hapahapa Iringa, walitengeneza basi la ghorofa. Ghorofa kweli: watu chini, watu juu. La tajiri mmoja wa Mbeya, liende Mbeya na kurudi. Na kwamba safari yake ya kwanza ilifika Makambako tu. Kule kwenye upepo likayumba, likaegemea ukingo wa barabara kama mlevi aliyepata ukuta, abiria wa juu wakatokea madirishani mmoja mmoja. Hakufa mtu. Aliyeathirika zaidi alikuwa mbuzi, ambaye baada ya pale alikataa kupanda gari lolote, akafika kwao kwa miguu.

Vijana wa bodaboda walimfanyia sherehe. "Fundi, kamwene! Leo tunajenga ghorofa ngapi?"

"Kamwene. Msinicheke mimi," alikuwa anajibu, "mcheke Mchoraji wa Mbeya. Mimi nilijenga alichochora."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Kosa lilikuwa la Mchoraji wa Mbeya, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mimi mwenyewe niliamini nusu. Kuhusu basi lenyewe niliamini robo, mpaka Bibi aliponiambia alishawahi kulipanda.

"Wewe? Ghorofa?"

"Kwaya nzima tulipanda. Mimi sauti ya kwanza, nilikaa juu mbele, dirishani. Tuliimba." Akacheka mpaka akafuta macho na khanga. "Wanaume wa sauti ya nne walilia."

Sasa, shule ndiyo iliyonipeleka kwenye mambo haya, kwa hiyo lawama zote ziende kwa mwalimu wetu wa historia. Alitupa kazi ya likizo: kila mtu alete historia ya kwao, yenye ushahidi wa maandishi. Wenzangu wote wakakimbilia machifu. Mimi nikasema nitaandika basi la ghorofa lililoshindwa na upepo. Darasa likacheka, na mimi darasa likicheka basi nimeshashiba.

Nilimfuata Fundi. "Naomba barua, karatasi, chochote."

"Mchwa wamekula."

"Zote?"

"Mchwa hawabagui. Andika habari za machifu kama wenzako."

Alisema bila kunitazama. Macho yake wakati huo yalikuwa yameanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho, kwa hiyo sikutilia maanani. Likizo nikaenda Mbeya kwa shangazi, Mwanjelwa.

Pale Mwanjelwa kulikuwa na saluni yenye bango la kuchorwa kwa mkono. Kichwa cha mwanamume, mkasi, bei hazipo maana zinabadilika. Na kwenye kona ya chini, kidogo kama kiberiti, basi. La ghorofa. Nikadhani macho yananidanganya. Nikatembea mpaka duka la dawa za mifugo: ng'ombe, sindano, na kwenye kona basi la ghorofa. Mgahawa: samaki, ugali, basi la ghorofa. Nilizunguka Mwanjelwa nzima kama mwendawazimu natazama kona za mabango, mpaka mwenye mgahawa akanihurumia. "Unamtafuta Mchoraji? Kila kazi yake anaiwekea hiyo. Anakaa hapo nyuma."

Mchoraji alikuwa mzee mwembamba, vidole vyote vina rangi, hata nyusi. Nilimwamkia, nikamwambia nimetoka Iringa, Mlandege, jirani yangu ni fundi bodi mmoja.

Aliweka brashi chini.

"Bado anagonga gonga?"

"Anagonga mpaka watu."

Akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyesubiri habari hiyo muda mrefu mno. "Ndaga, ndaga," alinishukuru kwa Kinyakyusa, ananishika mkono kwa mikono miwili, mpaka na mimi nikapata rangi. Kisha akaingia ndani akatoka na faili la karatasi ngumu, limefungwa kamba ya katani. Humo ndani kulikuwa na barua zote. Za kwake alizokuwa anabaki na nakala, na za Fundi. Enzi hizo simu ilikuwa shida, barua zilipelekwa kwa mkono wa madereva: leo inatoka Mbeya, kesho iko karakana Iringa.

Nilisoma siku tatu nimekaa kwenye kopo la rangi. Sijawahi kusoma kitu cha shule hivyo.

Ya kwanza ya Mchoraji ilisema: "Ndugu Fundi. YAH: BASI LA GHOROFA. Tajiri ameona picha ya basi la namna hii kwenye kalenda na hataki kusikia jingine. Nijulishe chesisi iliyopo ina urefu gani, na kama una watu wasioogopa kupanda."

Fundi akajibu: "Urefu upo. Watu wasioogopa hawapo, ila nitawazoesha."

Wakagombana barua sita kuhusu ngazi. Mchoraji alitaka ziwe nyuma, zikate kona. Fundi akaandika: "Mama mwenye kapu kichwani atapitaje hapo? Nimemjaribu mke wangu na kapu. Amekwama. Hatuzungumzi tangu jana." Mchoraji akapanua kona na kuongeza: "Msalimie shemeji, mwambie kona imepanuliwa kwa ajili yake."

Wakagombana kuhusu mbao za Mufindi, kuhusu uzito, kuhusu madirisha. "Ya juu yawe ya kusukuma," aliandika Mchoraji, "kona za mviringo, mtu asichanike mkono." Hapo nikasimama juu ya kopo. Banda la kuku! Wale kuku wasio na adabu walikuwa wanakaa ghorofa ya juu ya Ghorofa yenyewe. Nilikuwa nimeutazama ushahidi wa kihistoria kila asubuhi, unanuka.

Halafu ikaja barua ya majaribio. Fundi aliandika kwa furaha mpaka herufi zinapanda mlima. "Ndugu, leo tumelipima. Mawe yangechafua sakafu, kwa hiyo nimewaomba wanakwaya wa usharika wapande wote juu, waimbe huku wakiyumba kama wanavyoyumba kanisani. Wimbo wa kwanza taratibu, wa pili kwa nguvu. Basi limeyumba nao, kushoto na kulia, na kila mara limerudi. Sauti ya nne wamelia lakini hawakudhurika. Limefaulu."

Jibu la Mchoraji nilikuwa nimelisoma mara nne kabla sijakumbuka maboga ya Bibi na kuona ubaya wake. "Nimefurahi. Lakini Ndugu, kwaya haibebi viazi. Narudia kwa mara ya tatu: juu ya paa pasiwekwe kitu. Mizigo yote ikae chini, kwenye buti nililochora kati ya magurudumu. Usiweke keria ya paani."

Fundi: "Nimeelewa."

Karatasi ya mwisho haikuwa ya kwenda kwa Mchoraji. Fundi alimwandikia tajiri baada ya Makambako. "Kuhusu ajali. Basi limejengwa kama lilivyochorwa. Wako katika ujenzi wa taifa." Na sahihi yake ileile, yenye mkia.

"Hii umeipataje?" niliuliza.

"Tajiri alinipa pamoja na barua ya kunifukuza," Mchoraji alisema. "Nilimwonyesha mchoro. Nikamwambia, tazama, keria haipo. Akaniambia basi gani halina keria, ulisahau kuichora." Akaokota brashi, akaitazama, akaiweka tena. "Sikupata tena kazi ya kuchora gari. Nikaanza vichwa vya saluni."

"Ulimwandikia Fundi?"

"Nilikuwa nasubiri aanze yeye."

Nilipiga picha barua zote kwa simu ya shangazi, lakini faili lenyewe Mchoraji alinipa pia. Mchoro mkubwa ndio alibaki nao. Njia nzima ya kurudi Iringa, faili mapajani, nilikuwa na furaha mbaya. Nilikuwa na kichekesho kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kubeba. Mtu mwaminifu wa Mlandege, mrudisha vitunguu! Nilishajiona mbele ya darasa nasoma, natulia, nasoma. Tulipofika Makambako upepo ukalisukuma basi kidogo, abiria mmoja akasema "Yesu," na mimi furaha ikanipungua. Sijui kwa nini pale. Nikaanza kufikiria kuku wa chini.

Nilimfuata kwanza yeye. Ilikuwa mchana, amekaa kwenye kigoda karibu na banda. Nikamwambia nimetoka kwa Mchoraji. Hakushtuka. Alisema, "Soma," kama mtu anayekaa kwa kinyozi.

Nikasoma zote kwa mpangilio. Kwenye kapu alicheka peke yake. Kwenye kwaya alitingisha kichwa, akaimba kidogo kwa pua. Kwenye "usiweke keria" aligeukia banda. Ya mwisho niliisoma haraka ili iishe.

"Rudia hiyo."

Nikarudia.

"Mchoraji alionyeshwa hiyo?"

"Alipewa. Ameitunza miaka yote."

Jogoo akafanya mambo yake juu, aliyekuwa chini akalalamika. Fundi akasema, "Mama yangu alikuja karakana siku mbili kabla ya safari. Dada yangu kajifungua huko Mbeya, Mama anampelekea viazi gunia tatu. Buti tayari limejaa vipuri vya tajiri. Akalizunguka basi lote, akaniuliza mbele za vijana wangu, 'Mwanangu, hili jumba lenu zuri. Sasa nibaki mimi viende viazi, au niende mimi vibaki viazi?' Wakacheka. Nikachomelea keria usiku na mchana. Na ukishaweka keria, Kondakta, haiwi ya mama yako peke yake. Stendi nzima wakapandisha."

"Yeye alikaa juu?"

"Alikataa kukaa juu ya vichwa vya watu. Alikuwa chini. Viazi vilipoanza kudondoka kupita dirishani kwake, aliniambia, aliviita kwa sauti, kama watoto."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Akaniuliza, "Darasani utasoma zipi?"

"Unataka nisome zipi?"

"Hiyo ya mwisho acha."

Nikasema sawa. Niliondoka nimekasirika, na sikujua namkasirikia yeye au mimi mwenyewe, maana hata ile furaha ya basi haikuwa nzuri. Bibi nilimficha. Sikumficha vizuri, nadhani, maana jioni alisema tu, akichambua mchicha, "Sisi tuliimba tu. Hakuna aliyetuuliza tuna mizigo gani."

Siku iliyofuata Fundi aliniita kupitia juu ya ukuta. Alikuwa na karatasi ya daftari aliyochana kwa mtoto wa mtu. Aliandika mwenyewe, pua karibu inagusa, kalamu ameishika kama patasi. Ilimchukua muda wa kuchemsha maharage. Alinipa nione kama mistari imenyooka.

"Ndugu Mchoraji. YAH: KERIA. Niliiweka mimi. Uliniandikia mara tatu. Mama yangu alikuwa na viazi. Niliyomwandikia tajiri ni uongo. Wako, Fundi."

"Ni fupi," nilisema.

"Imeingia. Ukiongeza nyundo unapasua bati." Akaikunja. "Sasa darasani soma zote. Na hiyo ya tajiri isome kwa sauti."

Tukaenda wote stendi ya Igumbilo. Hakutaka posta, hakutaka nipige picha nitume kwa simu ya shangazi, ambayo ingefika kabla hajafunga mdomo. Ilitakiwa iende kwa mkono wa dereva. Alichagua basi la Mbeya kwa kuyagonga manne, la tano akaridhika nalo. Dereva alikuwa kijana, akaipokea barua kwa mikono miwili bila kuambiwa.

Darasani walicheka sana. Kwenye kapu walipiga madawati, kwenye kwaya mwalimu mwenyewe alikaa chini. Nilipofika kwenye ile ya tajiri nilisoma kwa sauti, kama nilivyotumwa, na mwenzangu mmoja wa nyuma akauliza, "Kwa hiyo Fundi ni mwongo?" Mimi ni mtu wa kuwa na jibu kabla ya swali. Siku hiyo nilikunja karatasi kwanza.

"Alidanganya," nilisema. "Juzi amemwandikia Mchoraji ukweli."

Habari haikukaa shuleni. Kesho yake vijana wa bodaboda walimwona akipita. "Fundi! Keria hiyooo!" Nilikuwa naye. Alisimama, akawageukia na macho yake ya ukungu. "Ndiyo," akasema. "Niliweka mimi." Mmoja akasema, "Basi shikamoo," na hiyo ikawa mwisho wa sherehe. Nilijisikia vibaya kidogo. Walikuwa wamempoteza mtu wao wa kutania.

Jibu lilichelewa. Fundi alianza kuugua, kifua. Alikuwa akisikia basi kubwa linapanda kilima ananyanyua kichwa. Hakuuliza. Niliuliza mimi, kila siku, stendi, mpaka wapiga debe wakaanza kunikimbia.

Mara ya mwisho kukaa naye ni siku ile bahasha ilipofika. Walikuwa wamemtoa nje aote jua, kalazwa kwenye kiti cha zamani cha basi alichokuwa akikitumia kama kochi, blanketi mpaka kidevuni. Amepungua mpaka koti limembeba yeye.

"Shikamoo, Fundi. Imekuja."

"Marahaba. Soma."

"Ndugu Fundi. YAH: KERIA. Barua yako nimeipokea. Imechelewa njiani, lakini madereva wa siku hizi wanajitahidi. Naambatanisha mchoro uliosahihishwa. Mchoraji."

"Ndiyo basi?"

"Na mchoro."

Niliukunjua. Karatasi ile kubwa, imekuwa njano, mikunjo imebandikwa gundi. Ghorofa nzima ilikuwa pale kwa wino mwembamba wa zamani: ngazi zenye kona iliyopanuliwa, madirisha ya mviringo, buti kati ya magurudumu. Na juu ya paa, kwa penseli mpya, Mchoraji alikuwa ameongeza keria. Juu ya keria gunia tatu. Juu ya gunia kuku mmoja, amekaa kama tajiri. Kwenye dirisha la chini alichora mama amefunga kitambaa, amenyoosha mkono nje kupokea kiazi.

Nilimweleza Fundi kila kitu, maana nilijua haoni. Nilimweleza hata kuku. Alisikiliza, midomo inacheza. Kisha akatoa mkono kwenye blanketi, akaichukua karatasi, akaisogeza kwenye jicho la kushoto ambalo lilikuwa limebaki na mwanga kidogo, akaipitisha polepole, kutoka magurudumu kwenda juu. Kwa mama alikaa sana. Nilianza kuhesabu kuku wa banda ili nisimtazame.

Akakunja kidole cha kati, akaigonga karatasi. Ko, ko, ko. Akainamisha kichwa.

"Kondakta."

"Naam."

"Hizi gunia amezifunga vipi?"

Nikatazama. "Kamba moja. Inapita juu, inarudi."

"Moja!" Alijaribu kuinuka, nikamzuia. "Yule mtu hajawahi kupakia gari maisha yake. Hii ikifika Makambako inamwaga zote. Chukua kalamu."

Nikachukua kalamu. "Yah nini, Fundi?"

Alivuta pumzi, akajiweka sawa kwenye kiti chake cha basi, akafumba macho apate kuona vizuri.

"Yah: Kamba," alisema. "Anza na Ndugu."